Kugema Sukari Msituni

Msomaji akisikia habari za kugema mti, bila shaka atafikiri mnazi na tembo lake. Lakini huko Quebec, katika Kanada, na Vermont, Marekani, wakulima hugema mti uitwao mepo, nao hupika maji yake mpaka yawe shira tamu. Wenyeji wa asili wa nchi hizo waliijua kazi hii kabla Wazungu hawajafika.

Msitu huo mara nyingi ni mali ya mkulima mwenyewe. Kila mara hupita humo akitazama juu, maana mti wenye kichwa kipana kinachopata jua hutoa maji mengi kuliko mti uliobanwa na wenziwe. Miti iliyopinda au kuoza huitia alama ya rangi, akaikata kidogo kidogo, na kuni zake zaweza kupikia shira. Miti kadhaa ya aina nyingine huiacha makusudi, ili ugonjwa ukija usimalize msitu wote. Ng'ombe huwazuia, kwani hushindilia udongo juu ya mizizi na kula miche.

Mepo husubiriwa miaka 40 hivi, mpaka upana wa shina ufike sentimita 25 au 30. Baridi ikikaribia kwisha, usiku ukiwa wa barafu na mchana una joto kidogo, hutobolewa tundu moja, kina chake sentimita 5. Hapo ndipo tamaa huwaponza wanaoanza. Sehemu ya mti inayozunguka tundu hufa, haitoi maji tena kamwe, na mwaka wa pili yapasa kutoboa mbali nayo. Mwenye kutoboa matundu matatu katika mti mwembamba atajaza ndoo leo, lakini baada ya miaka michache hatakuwa na mahali pa kutoboa.

Na kazi ya jikoni si ndogo! Madebe mawili ya lita 20 hutoa lita 1 tu ya shira. Huchemshwa mpaka joto lake lipite la maji yachemkayo kwa digrii 4 hivi. Ikitolewa mapema huchacha; ikizidi hugeuka chenga za sukari. Maji hayawekwi siku nyingi, kwa kuwa huharibika upesi.

Matumba yakianza kufunguka, ladha huwa mbaya. Hapo mkulima hung'oa mirija, akaosha vyombo, na tundu huliacha wazi mti ulizibe wenyewe.