Kuongezwa Njia

Katika wodi nyingi za wazazi nchini Tanzania, mama akikatwa msamba ili mtoto apite, husemwa "ameongezwa njia". Ni usemi wa upole, na upole huo umeuficha mkasi. Ngozi imekatwa, misuli imekatwa, na bado kuna kushonwa. Kwa vipimo vya kitabibu, mkato huo hulingana na mchaniko wa daraja la pili kati ya manne. Daraja la kwanza huishia kwenye ngozi. La tatu hufika kwenye msuli unaobana haja kubwa, na la nne hupenya hadi utando wa ndani wa njia ya haja. Hayo mawili ya mwisho ndiyo ya kuogopwa, kwa sababu yanaweza kumwacha mama akishindwa kuzuia choo.

Fielding Ould wa Dublin aliueleza mkato huu mwaka 1742, akiukusudia kwa uzazi uliokwama. Mwaka 1920 Joseph DeLee wa Chicago akapendekeza zaidi ya hapo: anayejifungua kwa mara ya kwanza akatwe mapema, mtoto avutwe kwa koleo, na msamba utakuwa umekingwa. Hoja ilivutia, kwamba jeraha lililonyooka hushoneka vizuri kuliko lililochanika ovyo. Ikafundishwa, ikawa desturi. Kufikia 1979 nchini Marekani, wanawake 6 hivi kati ya 10 waliojifungua kwa njia ya kawaida walikatwa. Lakini Stephen Thacker na David Banta walipopekua maandiko ya kitabibu ya zaidi ya karne moja, mwaka 1983 waliripoti kuwa hawakuona ushahidi wa maana wa faida hiyo.

Jibu zito lilitoka Argentina mwaka 1993. Wanawake 2,606 katika hospitali 8 waligawanywa kwa bahati nasibu: kundi moja lilikatwa kama desturi, jingine pale tu ilipolazimu. La kwanza walikatwa asilimia 83, la pili asilimia 30. Michaniko mikubwa? Asilimia 1.5 kwa 1.2. Kinga iliyoahidiwa haikuonekana. Waliokatwa kwa desturi ndio walioumwa zaidi na kushonwa zaidi, na vidonda vyao vilisumbua zaidi kupona. Wenzao walichanika kidogo zaidi kwa mbele, michubuko ambayo kwa kawaida si ya hatari.

Jinsi mkato unavyoweza kuzidisha mchaniko, muuza vitambaa anaijua siri yake. Kitambaa kizima hukataa kuchanika ukikivuta, ila akikipiga mkasi kidogo pembeni, hufuata mkono moja kwa moja. Mkato wa katikati, unaoelekea njia ya haja kubwa, hufanya vivyo hivyo. Ndiyo maana wengi wanaokata leo hufundishwa kuupeleka upande, nyuzi 60 hivi kutoka mstari wa kati.

Wapo wanaohitaji kukatwa kweli: mapigo ya moyo wa mtoto yameshuka na kichwa kipo mlangoni, au koleo limelazimu. Kwa wengine, kitambaa kilichochovywa maji ya moto ya kuvumilika na kutumiwa kukanda msamba wakati wa kusukuma hupunguza michaniko mikubwa, nacho kinapatikana hata zahanati ndogo kabisa. Na desturi imepungua: Marekani, kufikia 2012, waliokatwa walikuwa wameshuka hadi 12 hivi kati ya 100.

Mwaka 2018 Shirika la Afya Duniani lilisema mkato usifanywe kama desturi, na ukilazimu, mama apigwe ganzi ifanye kazi, na kabla ya hapo aelezwe na akubali mwenyewe. Mkunga anahitaji sentensi mbili tu kumweleza, naye mama, hata katikati ya uchungu, anasikia.