Jua Ulipo Kabla ya Kufuta: Amri za Kwanza za Linux

Kompyuta kuukuu iliyoshindwa na matoleo mapya ya Windows mara nyingi hufufuliwa kwa Linux, mfumo usiolipiwa leseni. Mkazi anayejifunzia kwenye mashine kama hiyo hatakosa kukutana na terminali, yaani dirisha lisilo na picha, linalosubiri tu aandike amri.

Amri zenyewe ni fupi kwa sababu asili yake ni Unix, mfumo ulioanzishwa mwaka 1969 na Ken Thompson na Dennis Ritchie katika maabara ya Bell, Marekani. Wakati huo kompyuta ilitumiwa kupitia mashine za chapa zilizokwenda polepole, na kila herufi iliyopunguzwa iliokoa muda.

Mfano mzuri ni katibu wa chama anayehifadhi orodha za michango ya wanachama. Akifungua terminali, kwanza ajue yuko folda gani. Anaandika pwd, anabonyeza Enter, na kompyuta inamjibu, tuseme, /home/katibu. Amri ls humwonyesha faili zilizomo. Akiandika cd chama ataingia kwenye folda iitwayo chama. Cd ikifuatwa na nafasi na nukta mbili humrudisha nyuma hatua moja. Folda mpya hufunguliwa kwa mkdir, na faili ya maandishi husomwa kwa less michango.txt, kisha herufi q humtoa. Asisahau kwamba kwa Linux, Michango.txt na michango.txt ni faili mbili tofauti.

Kunakili ni cp michango.txt nakala.txt. Amri mv huhamisha faili au kuibadilisha jina. Zote mbili zina hila moja: ikiwa faili yenye jina hilo jipya ilikuwapo tayari, kwa kawaida hufunikwa bila onyo lolote.

Amri ya kuogopwa ni rm, inayofuta. Haipeleki faili kwenye pipa la taka ambako mtu angeweza kuiokota baadaye, na kwa kawaida haiulizi. Katibu akiandika rm jaribio* atafuta faili zote ambazo majina yake yanaanza na jaribio, kama alivyokusudia. Kidole kikiteleza kikaweka nafasi kabla ya nyota, rm jaribio *, kompyuta itaelewa kwamba afute jaribio pamoja na kila faili inayoonekana ndani ya folda hiyo. Michango ya mwaka mzima imekwenda, na wanachama watataka hesabu zao mkutano ujao.

Kinga ni rahisi. Kabla ya kufuta, aandike kwanza ls jaribio* aone ni faili zipi zitakazoguswa. Akifika kwenye kufuta, atumie rm -i, ambayo huuliza kwa kila faili. Y ni ndiyo. Nakala nyingine ikae kwenye flashi, si kwenye kompyuta ileile.

Amri yenye rm -rf iliyotumwa na mtu kwenye WhatsApp isijaribiwe kamwe kabla ya kueleweka, hasa ikitanguliwa na sudo, neno linaloipa amri mamlaka juu ya mfumo mzima. Maelezo ya kila amri yamo humo humo kwenye kompyuta nyingi: man rm huyafungua, ingawa mara nyingi ni kwa Kiingereza, na q huyafunga.