Swali la Mwana, Hofu ya Mama

Mwezi huu tunajibu maswali mawili yaliyotoka nyumba moja ya Keko. Kijana wa kidato cha nne alimsindikiza mama yake kuja kusafishwa kidonda. Tulipokuwa tukimhudumia mama, kijana akasema: "Shikamoo sista. Darasani tumesoma habari za mashine zinazokimbiza chembe ndogo za atomu na kuzigonganisha. Mimi na wenzangu tunataka kuitengeneza yetu. Inawezekana? Ina madhara?"

Mama naye alikuwa na lake. Amegundulika na saratani ya mlango wa kizazi, na amepewa karatasi ya rufaa kwenda Ocean Road kupigwa mionzi. Karatasi ilikuwa imekaa kabatini wiki tatu. "Naogopa," alisema. "Nasikia mionzi inaunguza, na wajukuu hawatanikaribia tena."

Maswali haya yanahusiana, kama tutakavyoona.

Je, inawezekana?

Ndiyo, mashine ndogo inawezekana, na familia nyingi za Keko zimewahi kuwa nayo sebuleni. Tunasema televisheni ya zamani, ile ya chogo. Ndani ya kioo chake hewa imeondolewa. Waya mdogo ukipashwa moto hutoa chembe ziitwazo elektroni. Umeme wa zaidi ya volti 20,000 katika televisheni ya rangi huzivuta mbele kwa kasi, na nyaya za shaba zilizozungushwa shingoni mwa kioo huzielekeza. Elektroni hufika kwenye kioo cha mbele zikiwa na kasi inayokaribia theluthi ya kasi ya mwanga, na hapo picha hutokea.

Mwaka 1931 huko Berkeley, Marekani, Ernest Lawrence na mwanafunzi wake Livingston walitengeneza mashine ya kuzungusha chembe yenye upana wa sentimeta 11 tu, yaani unaweza kuishika kiganjani. Mwaka 1959 jarida la Scientific American lilieleza mashine ya kukimbiza chembe iliyotengenezwa nyumbani. Lakini ile kubwa ya kugonganisha chembe, iliyowashwa mwaka 2008 mpakani mwa Uswisi na Ufaransa, ina mzingo wa kilometa 27 chini ya ardhi. Hiyo si kazi ya mtu na rafiki zake.

Je, ina madhara?

La kwanza ni umeme. Umeme wa nyumbani una volti 230, na huo peke yake unaua. Kioo cha chogo hubaki na umeme mkali hata baada ya kuchomolewa ukutani. Kijana anayefungua televisheni akidhani imelala anaweza kurushwa au kufa.

La pili ni eksirei. Elektroni zenye kasi kubwa zikisimamishwa ghafla na chuma au kioo, hutoa eksirei. Ndivyo mashine za picha hospitalini zinavyofanya kazi. Eksirei haina harufu, haionekani, wala haiumi saa ileile. Baada ya Röntgen kuigundua mwaka 1895, waliofanya nayo majaribio hawakujua hatari yake. Clarence Dally, msaidizi wa Edison, aliungua mikono kidogo kidogo hadi ikakatwa, akafariki mwaka 1904. Kioo cha televisheni huchanganywa na madini mazito, risasi ikiwamo, ili kuzuia eksirei isitoke. Hata hivyo, mwaka 1967 kampuni ya General Electric ilitangaza kwamba maelfu ya televisheni zake za rangi zilikuwa zikivujisha. Ikiwa kiwanda kilikosea, kijana bandani asiye na kipimo atajuaje?

La tatu, kioo cha chogo kikigongwa hupasuka kwa nguvu na kurusha vipande, na risasi iliyomo ni sumu, hasa kwa watoto. Kisivunjwe uani ili kutafuta shaba.

Na Ocean Road je?

Sasa tumgeukie mama. Taasisi ya Saratani Ocean Road ilikuwa ikitumia mashine za kobalti, na mwaka 2018 zikaongezwa mashine zinazokimbiza elektroni kwa nguvu ya mamilioni ya volti ili kutoa eksirei kali za kuua saratani. Hiyo ndiyo mashine anayoiota mwanawe! Tofauti ni kwamba pale kuna kuta nene za zege, kuna mtaalamu wa fizikia anayepima kiasi, na mionzi inaelekezwa penye ugonjwa.

Anayepigwa mionzi kutoka nje ya mwili haondoki nayo. Mashine ikizimwa, mionzi imekwisha. Mnaweza kula naye sahani moja, na wajukuu wanaweza kumkalia mapajani. Anaweza kuchoka, kuharisha, au ngozi kuwa nyeusi mahali palipotibiwa. Awaeleze wauguzi, asikatishe matibabu. Kinachoua wanawake wengi ni karatasi kukaa kabatini hadi ugonjwa uenee.

Ushauri wetu kwa wazazi

1. Msizime hamu ya mtoto ya kujua. Mpelekeni kwa mwalimu wa fizikia, ajifunze kwa betri ndogo na sumaku.

2. Televisheni ifunguliwe na fundi aliyefunzwa tu.

3. Chombo cha kutoa mionzi hakitengenezwi wala kutumiwa bila kibali cha Tume ya Nguvu za Atomiki Tanzania, kwa Sheria Na. 7 ya mwaka 2003.

4. Mtu akinaswa na umeme, msimguse. Zimeni swichi kuu kwanza. Kama hapumui, bonyezeni kifua chake katikati, kwa nguvu na haraka, bila kuacha, huku mkitafuta msaada. Aliyeungua amwagiwe maji safi ya bomba kwa dakika 20, umeme ukiwa umezimwa. Msipake dawa ya meno wala mafuta. Hata akionekana mzima, afikishwe hospitali, maana umeme huweza kuvuruga mapigo ya moyo.

Tulimwambia kijana amsindikize mama yake Ocean Road yeye mwenyewe, na akifika awaulize wataalamu jinsi mashine ile inavyofanya kazi. Walikwenda Jumatatu iliyofuata.