Usiidanganye Mizani ya Hewa ya Lori Lako

Msimu wa pamba ukifunguliwa, malori huingia vijijini. Yanabeba pamba kutoka vyama vya msingi kwenda viwandani. Huko Geita na Kahama malori mengine yanabeba mawe ya dhahabu kutoka mashimoni kwenda kwenye makarasha. Mengine yanabeba mpunga, mahindi na mbolea. Mkulima asiye na lori hulikodi. Vikundi vingine huchanga fedha na kununua lori lao.

Huenda mtu akauliza: kwa nini bwana shamba anaandika habari za malori? Jibu ni fupi. Pamba haitembei kwa miguu. Lori likifa njiani, mazao hulala porini na mkulima anapata hasara.

Kuna jambo moja linaloua malori mapema. Lori linakosa nguvu kwenye kilima. Taa ya injini inawaka mbele ya dereva. Mwenye lori anakwenda kwa fundi wa kando ya barabara. Fundi anakata waya mmoja karibu na injini. Anaunganisha kidude kidogo, kisha anafunga utepe mweusi. Taa inazimika. Lori linapanda kilima kwa nguvu. Mwenye lori anafurahi, analipa na kuondoka.

Baada ya muda injini inakufa. Je, kidude kile kilifanya nini? Tujifunze.

INJINI INAKULA DIZELI NA HEWA

Moto wa jikoni unahitaji kuni na hewa. Ukisukuma kuni nyingi mno mekoni, hewa haitoshi. Moshi unajaa nyumba nzima. Kuni zinakwisha, lakini ugali hauivi upesi.

Injini ni hivyo hivyo. Dizeli ndiyo kuni. Kilo 1 ya dizeli inahitaji kilo 14 na nusu hivi za hewa ili iungue yote. Injini nzuri hupewa hewa zaidi ya hiyo.

Injini ya namna hii ilibuniwa na Mjerumani, Rudolf Diesel. Mwaka 1897 injini yake ilijaribiwa na kufanya kazi vizuri. Mwaka 1905 mhandisi wa Uswisi, Alfred Büchi, alisajili wazo la kuisukumia injini hewa kwa nguvu ya moshi wake. Chombo hicho ndicho mafundi wanachokiita tabo. Moshi unaotoka unazungusha gurudumu dogo. Gurudumu hilo linazungusha jingine linalosukuma hewa ndani ya injini. Tabo huweza kuzunguka zaidi ya mara 100,000 kwa dakika 1.

Kwetu tabo ina faida kubwa. Ziwa Victoria liko mita 1,134 juu ya bahari, na nchi yetu ya Shinyanga na Geita iko juu kama ziwa hilo au zaidi. Huku juu hewa ni nyepesi. Ukiigawa hewa ya Dar es Salaam katika mafungu 8, yetu ni kama mafungu 7 tu. Tabo hulifidia lori fungu hilo lililopungua.

SENSA NI MIZANI, KOMPYUTA NI KARANI

Malori ya zamani, kama Bedford, hayakuwa na kompyuta. Malori mengi ya siku hizi yanayo. Kompyuta hiyo ndiyo inayoamua injini ipewe dizeli kiasi gani.

Lakini kompyuta haina macho. Itajuaje kama hewa ni nyingi au kidogo? Inaambiwa na kifaa kidogo kiitwacho sensa. Jina hili linafanana na lile la sensa ya watu ya mwaka 2022. Ile ilihesabu watu. Hii inapima mgandamizo wa hewa iliyosukumwa na tabo.

Sensa nyingi za namna hii zina waya 3. Waya wa kwanza unaleta umeme wa volti 5. Waya wa pili ni wa kurudisha umeme. Waya wa tatu unapeleka habari kwa kompyuta. Hewa ikiwa kidogo, umeme katika waya wa tatu ni mdogo. Hewa ikizidi, umeme unapanda. Sensa nyingine zina waya wa nne, wa kupima joto la hewa.

Ndugu mkulima, hapa fikiria kituo cha kununulia pamba. Sensa ni mizani. Kompyuta ni karani. Karani haandiki anavyopenda. Anaandika kile mizani inachosema. Mizani ikichezewa, karani ataandika uongo, hata kama yeye ni mtu mwaminifu.

Wazee wetu wanaijua hasara ya mizani ya uongo. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 wakulima wa pamba wa Kanda ya Ziwa walilalamika kwamba wanapunjwa kwenye mizani. Paul Bomani na wenzake waliwaunganisha wakulima. Mwaka 1955 vyama vyao vikawa na shirikisho lao kubwa, lililoitwa Victoria. Wazee walidai mizani ya kweli. Je, sisi tumlipe mtu aiharibu mizani ya lori letu wenyewe?

UONGO WA NAMNA MBILI

Kidude kile cha fundi hubadilisha umeme wa waya wa tatu. Mara nyingi ni rezista au dayodi, vitu vidogo vinavyopatikana hata ndani ya redio mbovu. Vinaleta uongo wa namna mbili.

Uongo wa kwanza ni kusema hewa ni nyingi wakati ni kidogo. Kompyuta inaamini na kumwaga dizeli zaidi. Lori linapata nguvu kidogo, lakini dizeli haiungui yote. Moshi mweusi unatoka. Masizi yanajaa ndani ya injini. Joto linapanda sana. Pistoni za malori mengi madogo zimetengenezwa kwa alumini, madini yale yale ya sufuria. Alumini huyeyuka ikifika nyuzi joto 660 hivi. Mama aliyesahau sufuria tupu juu ya moto mkali anajua jambo hili.

Uongo wa pili ni kusema hewa ni kidogo wakati imezidi. Kwa kawaida hewa ikizidi kiasi, kompyuta hupunguza dizeli ili kuiokoa injini. Hapo dereva huona lori limekosa nguvu. Kidude kinaificha hatari hiyo. Katika magari mengine kompyuta inaiamuru tabo isukume hewa zaidi tena. Tabo inazunguka kupita kiasi na kuvunjika. Vipande vyake vinaweza kuingia ndani ya injini.

Taa iliyozimika haikuponya ugonjwa. Imemnyamazisha mgonjwa tu.

TUPIGE HESABU

Tuseme lori la kikundi lilikuwa linatumia lita 30 kwa safari moja. Baada ya waya kuchezewa linatumia lita 34. Hizo ni lita 4 zaidi. Kwa safari 20 ni lita 80. Zidisha lita 80 kwa bei ya dizeli ya leo. Linganisha na fedha mliyolipa kwa kidude. Kisha kumbuka bado hamjanunua tabo mpya wala pistoni.

Hasara nyingine ni afya. Mwaka 2012 taasisi ya utafiti wa saratani ya Shirika la Afya Duniani ilitangaza kwamba moshi wa injini za dizeli husababisha saratani. Moshi huo unavutwa na utingo, wapakiaji, na watoto wanaokaa kando ya barabara.

LORI LIKIKOSA NGUVU, FANYA HIVI

Mara nyingi chanzo ni kitu kidogo. Injini ikiwa imezimwa na imepoa, kagua kwa utaratibu huu:

1. Fungua chujio la hewa. Barabara za machimboni zina vumbi jingi. Chujio lililoziba ni kama mtu aliyezibwa pua. Likiwa limechakaa, weka jipya.

2. Kagua mipira yote inayopeleka hewa kutoka kwenye tabo hadi kwenye injini. Tafuta ufa, kibano kilicholegea, au mahali penye oili na vumbi lililogandana. Huko hewa inavuja.

3. Kagua waya za sensa. Panya hupenda kuzitafuna. Tazama pia kama kuna utepe mweusi au kidude kilichowekwa na mwenye lori wa kwanza. Hasa fanya hivyo kabla ya kununua lori lililotumika.

4. Mwombe fundi aitoe sensa na kuitazama. Ikiwa na masizi, aisafishe kwa dawa ya kusafishia vifaa vya umeme. Asiichokonoe kwa waya au msumari.

5. Fundi apime kwa mashine ya kusoma kompyuta ya gari. Swichi iwashwe, lakini injini isiwake. Huku kwetu sensa nyingi zitasoma kati ya 86 na 90, kwa kipimo kiitwacho kilopaskali. Huko Dar es Salaam zingesoma 101 hivi. Ikisoma mbali na hapo, sensa au waya wake ni mbovu, au umechezewa.

Sensa ikiwa imekufa, nunua nyingine ya aina ile ile. Usikubali mtu aiunganishe waya ili taa tu izimike.

MWULIZE FUNDI

Mafundi wetu wengi ni watu hodari. Wanastahili heshima na malipo yao. Lakini mwenye mali ana haki ya kuuliza. Kabla waya haujakatwa, muulize fundi maswali matatu. Umepima nini? Umeona kosa gani? Kidude hiki kinaiambia kompyuta nini? Fundi anayejua kazi atajibu bila kukasirika.

Vikundi vyenye lori viwe na daftari. Kila safari mwandike kilomita, lita za dizeli, mzigo, na matengenezo yaliyofanywa. Kijana wa kijijini anayependa umeme wa magari ahimizwe kwenda kusoma katika chuo cha VETA. Mamlaka hiyo ya ufundi stadi iliundwa kwa sheria ya mwaka 1994, na chuo chake kipo hata Shinyanga.

Msimu unapokaribia, kaeni kikao na dereva wenu. Fungueni boneti mtazame waya za sensa pamoja. Mkikuta kidude, mwambieni fundi akitoe na kuirudisha waya kama ilivyokuwa, kabla lori halijapakia mzigo wa kwanza.