Neno la Mwenzio Lisikatwe

Katika mikutano ya vijiji vya Uluguru tumezoea kusikia: "Kama alivyosema ndugu aliyetangulia..." Yanayofuata, mara nyingi, siyo aliyoyasema. Ndugu huyo huketi akihukumiwa kwa neno ambalo hakulitamka.

Milima hii imekwisha kuonja madhara hayo. Katika miaka ya 1950 serikali ya kikoloni iliwashurutisha Waluguru kuchimba matuta ya ngazi mashambani. Wananchi walilalamikia shuruti yenyewe, na kwamba kazi ile ilifukua udongo usio na rutuba. Mwezi Julai 1955 ghasia zilizuka Matombo, mtu mmoja akauawa, na mpango ukaachwa. Hata leo wapo wasemao "Waluguru walikataa matuta," wakaishia hapo, kana kwamba mkulima alikataa kuihifadhi ardhi imlishayo!

Kwa hiyo anayemjibu mwenzake na amtaje kwa jina, arudie maneno yake hasa. Si hotuba nzima, bali kipande anachokijibu, pamoja na sharti lililofungamana nacho. Waliopita chuoni wanaifahamu aya ya 43 ya Sura An-Nisaa: ikikatwa katikati, katazo la kusali hali umelewa hugeuka kuwa katazo la kusali. Kisha atenganishe wazi: "Hayo ni yake, yangu ni haya."

Katibu naye aandike nani alisema nini. Muhtasari wenye maneno "wajumbe walipinga" tu haumfai yeyote atakayeufungua baada ya mwaka.