Mwezi na Nyota Havimtaji Mhunzi

Mtu wa pwani akipanda hadi Gesima, kwenye milima ya majani ya chai ya Nyamira, akaonyeshwa kisu cha kukunja chenye mpini wa mti uliopambwa kwa mwezi na nyota, aweza kudhani ni kazi ya Mwislamu mwenziwe wa Lamu au Maskati. Sivyo. Pambo hilo ni la visu vya Okapi, na asili yake ni Ujerumani.

Visu hivyo vilianza kutengenezwa mwaka 1902 katika mji wa Solingen, mashuhuri kwa wahunzi wake, ili viuzwe katika makoloni ya Wajerumani barani Afrika. Jina ni la mnyama wa misitu ya Kongo, ambaye wataalamu wa Ulaya walimtambua mwaka 1901. Mwaka 1988 kazi ilihamia Afrika Kusini.

Basi anayetaka kumjua mtengenezaji asiutegemee mpini, kwani pambo huigwa. Akikunjue kisu, asome maandishi yaliyopigwa kwenye ubapa, karibu na mpini. Okapi ya kweli yenye neno Solingen ni ya kabla ya kuhama. Jina la mji huo linalindwa na sheria ya Ujerumani tangu 1938, lakini mwigaji haogopi sheria ya mbali. Pasipo jina wala mji, mnunuzi asilipe bei ya Okapi.

Na mchinjaji akumbuke: mwezi wa mpini hauhalalishi nyama. Kinachotakiwa ni makali yasiyomtesa mnyama, na jina la Mwenyezi Mungu.