Mukene, Kitoweo cha Mfanyakazi

Mukene tunayemla Kampala ndiye dagaa wa Tanzania na omena wa Kenya. Mchana hukaa chini majini. Usiku hupanda juu kufuata vijidudu anavyokula. Ndiyo maana wavuvi humvua kwa taa, usiku usio na mwezi. Sangara, aliyetiwa Ziwa Victoria miaka ya 1950, alimaliza aina nyingi za furu, lakini mukene alisalimika kwa sababu hukua upesi na kuzaa mapema. Lakini nyavu zenye macho ya milimita 5 huzoa hata wachanga ambao hawajazaa. Tena sehemu kubwa huuzwa kuwa chakula cha kuku. Basi, tunapodai mshahara, tudai pia nyavu halali: anayevua watoto leo anatunyima kitoweo kesho.